Pumzi ya Odilia

"Tena?" Restituta Akonaay aliuliza, na filimbi ikamponyoka mdomoni. "Odilia, hebu sema vizuri. Umesema tena?"

Odilia Margwe alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho likimdondoka kwenye ncha ya pua mpaka kwenye udongo mwekundu wa uwanja wa kambi. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza mzunguko wa mwisho kwa kasi ambayo hakuna mwanamke mwingine nchini aliyeifikia mwaka ule. Mkimbiaji yeyote mwenye akili timamu angeuliza saa inasemaje. Yeye aliuliza kama mwalimu wake angepata nafasi ya kwenda naye hospitali ya wilaya, kuweka kiganja.

Na mkimbiaji akitaja kiganja, kocha yeyote anajua maana yake. Anataka kumimina.

"Ni baba, mwalimu," alisema Odilia akihema. "Vali ya moyo imechoka kabisa. Wanataka kumpasua, lakini daktari anasema kwa pumzi aliyonayo hatafika mwisho wa upasuaji. Anahitaji kuongezewa."

"Mwaka juzi alihitaji shangazi yako."

"Alikuwa na nimonia, mwalimu."

"Kabla ya hapo alihitaji binamu yako, sijui nani yule, aliyevunjika nyonga. Kila mtu wa ukoo wa Margwe akikohoa anatazama miguu yako! Mimi nakujenga, wewe unajigawa. Nakujenga, unajigawa. Wewe ni mkimbiaji au ni pilau ya msibani?"

Odilia alicheka kidogo, jambo lililomuudhi Restituta kupita kiasi. Yeye hakuwa amefanya utani.

"Mashindano ya Afrika yako mlangoni," alisema kwa sauti ya chini, akijilazimisha. "Dodoma. Kwenye ardhi yetu. Mita elfu kumi. Unajua ni nani anayeweza kukushinda?"

"Sijui, mwalimu."

"Hata mimi simjui. Ndiyo maana nakuuliza."

Wakimbiaji wengine walikuwa wakinyoosha viungo upande wa pili wa uwanja, wakijifanya hawasikii. Odilia alivua viatu vya misumari, akavishika mkononi, akasubiri. Hakubishana. Angebishana ingekuwa afadhali. Restituta alijua kupigana na wabishi. Huyu alisimama tu na macho yake makubwa ya upole, kama mtu anayengoja mvua ipite ili aendelee na safari yake.

*

Madaktari waliita kazi hiyo uhawilishaji wa ukakamavu, lakini jina hilo lilibaki kwenye vyumba vya mikutano. Watu walisema kumimina. Jambo lenyewe halikuwa gumu kulieleza. Msuli unaofanyishwa kazi hutuma ujumbe ndani ya damu: moyo panuka, mishipa ota, mapafu jifunze. Miaka ya mazoezi ni mrundikano wa jumbe hizo. Ikaja mashine iliyoweza kuzivuta kutoka mwili mmoja na kuzitia katika mwili mwingine wenye damu inayoelewana nao. Aliyepokea aliamka na moyo wa mkimbiaji. Aliyetoa aliamka na moyo wa mtu aliyelala kitandani masika mazima, akishindwa hata kubeba ndoo ya maji kutoka bombani mpaka jikoni.

Angeweza kujijenga upya, ndiyo. Lakini kila mara mwili ulirudi polepole zaidi, na kuna waliomimina mara ya tatu wasirudi kabisa.

Restituta aliyajua hayo bila kusomewa na mtu. Alipokuwa msichana, kabla ya Sheria ya Jasho, magari ya kampuni moja yalipanda mpaka milima ya Mbulu, yakapima damu za vijana wote waliokuwa wakikimbia kwenda shule. Yake ilielewana na ya mtu fulani wa mjini aliyetaka kupanda mlima mrefu ili apige picha kileleni. Hakuwahi kujua jina lake. Alichojua ni kwamba mtu huyo alipanda, na yeye, Restituta, hakukimbia tena mbio za maana maishani mwake.

Ndiyo sababu alikuwa miongoni mwa walioandamana mpaka sheria ikapitishwa. Kuanzia hapo, mwanariadha hakuweza kumiminwa kwa neno lake peke yake, maana neno la maskini hununuliwa. Ilitakiwa pia kocha aliyeuandaa mwili ule aweke kiganja chake kwenye kioo cha mashine. Kocha asipoweka, mashine haiwaki. Waliiita sauti ya pili. Siku ile inapitishwa Restituta alilia kwa furaha.

Sasa sauti ya pili ilikuwa kwenye kiganja chake mwenyewe, na kiganja kilikuwa kinawasha.

*

Kesho yake mchana alikwenda Dongobesh kumwona mgonjwa. Alijiambia anakwenda kumjulia hali. Ukweli ni kwamba alitaka kuona kama mzee ni mgonjwa kiasi hicho, au ni watu tu wamezoea kitonga, vya bure bila jasho.

Mzee Damiano Margwe alimpokea barazani akiwa amekaa kwenye kiti cha kamba, blanketi mabegani, midomo ina rangi ya zambarau. Kwa muda mrefu alikuwa kiongozi wa bendi ya matarumbeta ya usharika, na sauti yake ilikuwa bado ya mtu aliyezoea kuamrisha vyombo vya shaba. Ila sasa kila baada ya maneno machache alisimama, akavuta hewa kama anayevuta kamba ya kisima.

"Shikamoo, mzee Damiano."

"Marahaba, mwalimu. Karibu... Karibu kiti. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu. Odilia yuko mazoezini."

"Vizuri." Mzee alitazama njia, kisha akainama kuelekea kwake. "Amekwambia habari ya kiganja?"

"Ameniambia."

"Kataa."

Restituta alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, mzee?"

"Kataa. Usiweke." Akapumzika. "Yule mtoto ni wa pekee. Nilimlea bila mama yake. Nikimwona anakimbia... mwalimu, hata ugonjwa nausahau. Niende nikale miguu yake? Halafu nife nayo mezani, izikwe na mimi? Hapana. Pumzi si sadaka ya Jumapili."

"Basi si umwambie mwenyewe!"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza kama nataka uji." Mzee Damiano alitikisa kichwa. "Unamjua. Hasikii. Nikikataa mimi, atakaa miguuni pangu, ataniangalia na yale macho, mpaka nikubali. Ukikataa wewe, basi imekwisha, sheria ni sheria. Atakununia wewe. Wewe umeshazoea kununiwa na wakimbiaji."

Restituta alisimama. Alikaa tena. Hasira ilimpanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo mimi ndiye niwe mchawi? Mtoto afiwe na baba yake, amtafute aliyemuua, anikute mimi nimesimama na filimbi? Na wewe umelala kaburini na jina lako zuri?"

"Nimekuomba tu, mwalimu."

"Mmekaa wawili ndani ya nyumba moja, mnakula sahani moja, mnashindwa kuambiana ndiyo na hapana, mnanipa mimi niwasemee! Mimi si mjumbe wa nyumba kumi!"

Mzee alikuwa amefumba macho, kidole kikiwa kwenye mshipa wa shingo, akisubiri moyo wake uamue. Restituta alimwangalia. Hakuwa mtu wa kitonga. Alikuwa mtu anayezama taratibu, na anaona haya kupiga kelele.

Njiani kurudi kambini alijikuta anatembea haraka, na wazo likamjia ambalo lilimfanya asimame katikati ya barabara. Angeweza kukataa. Mzee mwenyewe ameomba. Angekataa, na Odilia angekwenda Dodoma akiwa na miguu yake yote, na medali ingerudi Mbulu, na hakuna ambaye angemlaumu mbele ya sheria. Kila alichokitaka kilikuwa kimefungwa vizuri ndani ya ombi la mgonjwa.

Na hapo ndipo ubaya ulipokuwa. Angekataa kwa ajili ya mzee, au kwa ajili ya Dodoma? Alijiuliza mara ya kwanza, akajibu haraka mno. Alijiuliza mara ya pili, akaanza kutembea tena.

*

Daktari Mwanaidi Seruhere, aliyekuwa msimamizi wa chumba cha kumimina katika hospitali ya wilaya, hakuwa na maneno mengi. Aliwaonyesha viti viwili vya kulalia vilivyotazamana, mashine katikati yake ikiwa kubwa kama kabati la nguo, na kando ya mashine kioo chenye alama ya kiganja.

"Vipimo vyote viko tayari," alisema. "Mgonjwa akipokea leo, nampasua baada ya juma moja, mwili ukishatulia. Asipopokea, simpasui. Sitaki kumdanganya mtu. Namngoja kocha tu."

Mzee Damiano alikaa kwenye kiti kimoja, amekunja mikono kifuani kama mwanafunzi aliyekataa kuimba. Odilia alikuwa ameshalala kwenye kile kingine, mkono wa shati umeshapandishwa. Wote wawili walimtazama Restituta. Mzee alikuwa anamtazama ili akatae. Binti alikuwa anamtazama ili akubali. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Restituta aliuficha mkono wake nyuma.

"Daktari, utanisamehe. Kabla sijagusa hicho kioo, hawa watu wataongea."

"Mwalimu, tumeshaongea," alisema Odilia.

"Hamjaongea! Baba yako ameniita kwake, ameniomba nikatae. Kwa siri. Ili wewe unichukie mimi."

Odilia aliinuka kwenye kiti. "Baba?"

"Mwalimu," mzee alinong'ona, "sikukutuma useme."

"Ulinituma nifanye kibaya zaidi ya kusema. Haya, mwambie. Yuko hapo. Ana masikio."

Daktari Mwanaidi alijishughulisha na waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Sitaki, mwanangu," mzee alisema hatimaye. "Nikifa na pumzi yako je?"

"Nitaanza upya. Nimeshaanza mara mbili."

"Na usiporudi? Wanasema mara ya tatu..."

"Najua wanavyosema."

"Basi niache niende na changu. Nimeishi. Nimepiga tarumbeta harusi za watu mpaka watoto wao nikawapigia pia. Inatosha."

Odilia alifungua mdomo, na Restituta aliona yale macho yakianza, macho ya kungoja mvua ipite. Hapo uvumilivu ukamwishia.

"Na wewe usimwangalie hivyo! Nitakuuliza jambo, na usinijibu kwa upole, nimechoka na upole wako. Shangazi yako ulimpa kwa nini?"

"Alikuwa anaumwa."

"Wagonjwa wako wengi. Kwa nini ulimpa?"

Odilia alitazama mkono wake uliopandishwa shati. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ngumu, sauti ambayo Restituta hakuwahi kuisikia.

"Kwa sababu walikuja watu saba nyumbani, wakakaa, wakasema mtoto wa Damiano hawezi kutunyima. Nilishindwa kukataa."

"Na binamu yako?"

"Nilishindwa kukataa. Nililia wiki nzima, mwalimu. Wewe ulidhani ni maumivu ya misuli."

Restituta alikumbuka wiki ile. Alimpaka dawa ya kuchua kwenye mapaja, na kumkemea kwa uvivu.

"Mimi niliweka kiganja mara zote mbili," alisema taratibu. "Sikukuuliza. Nilikasirika tu, nikaweka. Sheria tuliyoililia ilikuwa inataka mtu wa kukuuliza. Sasa nakuuliza. Huyu hapa je? Umeshindwa kukataa?"

"Hapana." Odilia alimgeukia baba yake, machozi yakimtoka bila yeye kuyajali. "Hakuna aliyekuja kuniomba. Wewe mwenyewe hutaki. Usharika hautaki, wanataka niende Dodoma nikawaletee sifa. Mwalimu hataki, anatetemeka kwa kutotaka. Ni mara ya kwanza nataka mimi. Baba, usininyime kitu cha kwanza ninachokitaka mwenyewe."

Mzee Damiano alipangusa uso wake kwa blanketi. Alipangusa kwa muda mrefu.

"Daktari," alisema, "nusu haiwezekani?"

"Haiwezekani, mzee. Ni yote au basi."

"Mashine gani isiyojua nusu." Alivuta hewa, akangoja, akavuta tena. Kisha akaunyoosha mkono wake mwembamba kwenye egemeo la kiti. "Haya. Fanyeni upesi, kabla sijarudisha akili."

Restituta alikwenda kwenye kioo. Alifikiria Dodoma: sauti ya watu uwanjani, kengele ya mzunguko wa mwisho. Alifikiria msichana mmoja wa zamani aliyelazwa kwenye gari la kampuni bila kuulizwa chochote. Aliweka kiganja. Kioo kilikuwa baridi. Mashine ikawaka, na kwa saa kadhaa aliketi katikati ya viti vile viwili, akiwa ameukasirikia ulimwengu mzima, huku rangi ikirudi kwenye midomo ya baba na kuondoka kwenye ya binti.

*

Upasuaji ulifika mwisho wake. Daktari Mwanaidi alitoka akiwa amevua kofia, akasema moyo ule uligoma mara moja tu, kisha ukaendelea kama unaokwenda kazini.

Siku ya mashindano Restituta aliwapeleka Dodoma wakimbiaji wake wengine wawili. Mmoja alimaliza wa tisa, mwingine aliteguka kifundo cha mguu. Mita elfu kumi za wanawake alishinda msichana mwembamba kutoka nchi jirani, aliyekimbia vizuri na kulia kwenye utepe. Restituta alitazama saa kubwa ya uwanja. Kasi ile Odilia alishaifikia siku nyingi zilizopita kwenye udongo wa kambi akiwa na mafua. Waandishi walimfuata kuuliza mkimbiaji wake yuko wapi. Aliwaambia yuko nyumbani anajifunza kupanda ngazi, akawapita.

Aliporudi, alipanda Dongobesh moja kwa moja na begi lake begani.

Mzee Damiano alikuwa uani, anatembea. Kutembea lilikuwa neno dogo. Alikuwa anarusha magoti, mabega yametulia, kiwiko cha kushoto kimejitokeza kidogo nje. Restituta alikuwa amepoteza miaka akijaribu kukirekebisha kiwiko kile kwenye mwili mwingine, wa Odilia.

"Mzee Damiano! Nani amekwambia utembee hivyo? Una kovu bichi kifuani!"

"Mwalimu, karibu! Miguu inaniwasha. Nikikaa inacheza yenyewe."

"Hatua fupi! Na usiende mlimani!"

"Mlimani nimeshakwenda asubuhi," alisema mzee kwa fahari isiyo na haya hata kidogo, akapinda kona ya nyumba, akatoweka. Restituta alimsikia akiwasalimia majirani bila kukata pumzi.

Odilia alikuwa amekaa kwenye kizingiti, shuka mabegani, sufuria ya viazi miguuni. Alikuwa amekonda. Kumenya viazi kulikuwa kumemtoa jasho kwenye paji la uso.

"Shikamoo, mwalimu. Pole na Dodoma."

"Marahaba. Daktari amesema nini juu yako?"

"Amesema tusubiri. Kipimo cha wiki hii ni sawasawa na cha wiki iliyopita." Alisema bila kujihurumia. "Hakijapanda. Huenda kisipande."

"Unajuta?"

Odilia alifikiria. Sauti ya baba yake ilisikika nyuma ya nyumba, akimweleza mtu habari za vali.

"Asubuhi najuta," alisema. "Nikijaribu kusimama. Halafu namsikia anapiga kelele uani nasema, mh. Halafu najuta tena kidogo. Ndivyo ilivyo, mwalimu. Ulitaka nikujibu bila upole."

Alichokuwa nacho Restituta ni uchovu wa safari, na hasira ambayo sasa haikuwa na mtu wa kuangukia. Alitua begi. Aliisogeza sufuria kwa mguu.

"Ona ule uzio," alisema. "Nguzo ya kwanza."

"Naiona."

"Tutafika pale, tutarudi. Pumua kwa pua."

Odilia aliweka kisu chini, akashika mwimo wa mlango, akajiinua. Alikwenda hatua chache, akasimama, akaenda tena, Restituta kando yake bila kumshika, kwa sababu mkimbiaji hashikwi. Walipofika kwenye nguzo Odilia aliikumbatia kwa mikono yote miwili, kifua kikipanda na kushuka, uso umemvimba kwa jitihada.

"Nimefika?" aliuliza.

"Hujafika popote," alisema Restituta, na akageuza uso upande wa mlimani mpaka macho yake yalipokauka. "Bado kurudi. Inua kichwa."